Pumzi Zilizopelekwa Ng'ambo

Hapana, nilimwambia dada yangu, yule mama hakudanganya mtu. Aliyedanganya ni mimi, na nilidanganya kwa kalamu, mwandiko mzuri kabisa, halafu nikaweka sahihi.

Dada yangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Lakini ni yeye aligawa," akasema. "Aliambiwa anywe yote. Ako na masikio. Sasa wewe unataka kubeba mzigo wa mtu mzima, ukose barua ya chuo, ndio iweje?"

"Ndio ale."

"Si ako na mikono? Ale."

Hivyo ndivyo dada yangu humaliza mambo. Amesomea kazi ya ofisi hapa Machakos mjini, na tangu apewe funguo ya kabati ya mafaili anaona kila shida ya dunia ni ya mtu ambaye hakufuata maagizo. Alikataa kusikiliza mwanzo wa hii hadithi, kwa hivyo mwanzo nauandika hapa, mahali hawezi kunikata.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilikuwa na gredi ya katikati na kiburi cha mtu aliyeongoza wilaya. Kemia peke yake ndiyo nilipita vizuri, na nilitaka kwenda chuo cha uuguzi. Kabla nafasi itoke, mradi ukaja Kithimani kutafuta wasichana wanaojua kuandika na kuongea Kikamba. Wakanichukua. Mradi wenyewe ulikuwa unataka kujua vile mwili wa mama anayenyonyesha unachoma chakula. Tulipewa ukumbi wa kanisa, meza tatu, viti vya plastiki, na friji moja iliyokuwa inanguruma kama iko na kikohozi.

Mkubwa wa mradi alikuwa daktari mwanamke aliyekuwa anasoma ng'ambo. Huyo sina neno naye. Alikuja mara mbili tu, lakini siku ya kwanza alitukalisha chini akatueleza bila kutufanya wajinga. Alisema sukari tutakayowapa akina mama ni sukari tu, ila kaboni zake zimechaguliwa. Ni nzito kidogo kuliko kaboni za kawaida. Haziko na sumu, haziko na mionzi, na mwili hauoni tofauti. Unazichoma kama zile zingine, kisha zinatoka kwa pumzi. Sisi tunashika pumzi kwa chupa, na mashine inahesabu nzito ngapi zimerudi. Mkojo nao unasafirishwa mpaka kwa sumaku kubwa, kubwa kuliko tangi la maji la shule, na ndani ya hiyo sumaku kila kaboni nzito inajibu kulingana na mahali imekaa. Kwa hivyo unaweza kujua ile sukari iligeuka kuwa nini njiani.

Niliandika yote. Miaka minne ya kemia nilikuwa nimekariri vitu vya kujibia mtihani, na huyu mama kwa nusu saa alinifanya nitake kujua.

Halafu akapanda ndege, akatuachia supavaisa.

Supavaisa alikuwa kijana wa kutoka Nairobi, simu kiunoni kama bastola, shati imepigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono ungekata mkate. Alikuwa haelewi hata robo ya kile daktari alisema. Nilijua kwa sababu kila mtu akimuuliza swali alikuwa anajibu kwa sauti ya juu zaidi. Kazi yake ilikuwa kutuandalia akina mama, na aliwaandaa hivi:

"Hii mashine inaona kila kitu. Ukila usiku, itaona. Ukitema chini, itaona. Hakuna kitu ya kuficha hii mashine. Tumeelewana?"

Akina mama wakasema wameelewa. Mashine haioni chochote. Mashine inahesabu kaboni. Lakini mimi nilikuwa nimekaa na kalamu yangu shingoni, nikaona si kazi yangu kumsahihisha mtu mwenye simu.

Kulikuwa na sheria nyingi. Ya kwanza inanichekesha mpaka leo: siku tatu kabla ya kipimo, mama asiguse mahindi. Sababu iko, na ni ya kweli. Mahindi na miwa kwa asili yao hubeba hiyo kaboni nzito kushinda mchele na ngano, kwa hivyo mtu aliyeshiba mahindi anapumua nzito hata kabla hujampa kitu. Lakini kwenda Kithimani kuambia Mkamba aache mahindi siku tatu, hakuna muthokoi wa mahindi ya kukobolewa, hakuna isyo ya mahindi na maharagwe, hakuna ugali, hakuna uji, ni kama kumwambia asipumue, na pumzi ndiyo tulikuwa tumefuata. Mradi ukawapa mchele na unga wa ngano. Wakapika chapati siku tatu, nyumba nzima ikafurahi, na majirani wakaanza kuuliza hii ugonjwa ya chapati inaandikishwa wapi.

Sheria ya pili haikuchekesha mtu. Mama aje asubuhi kama hajala wala kunywa chochote tangu jioni. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa lugha mbili. Yule aliyeandika alikuwa anafikiria mama kama chupa: unaiacha tupu, unakuja kuijaza. Hakuna mtu kwa ule mradi, na mimi nikiwa ndani, alikumbuka kwamba mama asipokunywa chai, hiyo nyumba haijawashwa moto. Nani atachemsha chai akae aitazame? Kwa hivyo akina mama walikuwa wanakuja tumbo tupu kama walivyoambiwa, na watoto wamewafuata, nao tumbo tupu bila kuambiwa na mtu.

Sheria ya tatu ndiyo yangu. Mama akipewa kikombe, mimi nikae mbele yake nimwangalie mpaka tone la mwisho, nisuuze kikombe na maji kidogo, anywe hayo pia, kisha niweke tiki: amekunywa yote mbele yangu. Na supavaisa akae karibu, aweke sahihi kama shahidi wa pili.

Sasa nimelelewa na susu, nyanya yangu mzaa mama. Kwa susu ungevunja nyungu ukasamehewa, lakini kuangalia mtu mdomoni akikula ilikuwa unafinywa paja mpaka uone giza. Mtu akila unaangalia kando. Unaongea juu ya mvua, unaangalia kuku, unatafuta kitu kwa dirisha. Mtu anayekodolea mwingine kikombe ni mchoyo, au ni njaa imemshika, au anamtakia mabaya. Hiyo haikuandikwa kwa lugha yoyote lakini Ukambani mzima inajulikana.

Huyu mama alikuwa wa kumi na kitu kwa orodha. Alikuwa na mtoto wa kunyonya mgongoni na wengine wawili wa kushika sketi. Alikuwa mkubwa kwangu labda miaka kumi, mcheshi, ameolewa kule chini karibu na mtaro wa maji. Nilimpa chupa ya kwanza apulize na mrija kabla ya kunywa.

"Sista," akaniuliza, "na hii pumzi yangu ikifika ng'ambo si itashikwa na baridi?"

"Itavalishwa koti."

"Basi niwekee na salamu."

Akapuliza. Nikafunga kifuniko haraka. Nikamimina sukari yetu kwa kikombe, nikampa. Supavaisa alikuwa ametoka nje, amepanda juu ya jiwe anatafuta netiwaki. Watoto wale wawili walikuwa wamesimama wakiangalia kile kikombe vile watoto huangalia. Na mimi, ambaye nililetwa hapo kwa sababu moja tu, niliangalia kando. Sikuwaza. Shingo iligeuka yenyewe. Nikaanza kupanga vibandiko vya chupa, nikamuuliza kama kwao mvua ilifika. Akasema ilifika lakini ilikuwa na haraka. Nilipogeuka kikombe kilikuwa kitupu, na mtoto mmoja alikuwa anajilamba midomo.

Nilimwona akijilamba. Hiyo ndiyo dada yangu hataki kusikia. Niliona, nikajiambia watoto hulamba midomo. Nikasuuza kikombe, akanywa maji ya kusuuzia, nikaweka tiki. Supavaisa akarudi, akaweka sahihi yake kubwa yenye mikia bila kuuliza. Baada ya hapo yule mama alipuliza chupa kila nusu saa mpaka saa sita, akatoa mkojo mara mbili, akaenda nyumbani. Kazi safi.

Miezi ikapita. Tukamaliza akina mama wote. Mimi nikabaki ofisini kupanga mafaili, nikingojea barua ya kunipendekeza chuoni, ambayo supavaisa alikuwa ameniahidi. Majibu ya kwanza yakatumwa. Daktari aliandika kwamba kuna mama mmoja ambaye mwili wake umechoma ile sukari kidogo kuliko wote, kwa pumzi na pia kwa mkojo, na akaomba tuangalie fomu zake kama kulikuwa na hitilafu. Aliomba tu hivyo. Supavaisa akatoa fomu, akaona tiki, akaona sahihi mbili, akasema hakuna hitilafu. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Yeye akaenda mpaka nyumbani kwa yule mama, akakaa kwa kiti, akamwambia mbele ya mama mkwe wake kwamba mashine imeona mwili wake hauchomi sukari, na kwamba dalili kama hizo ni za kisukari, na aache vitu vitamu na vya wanga mpaka barua ingine itoke ng'ambo.

Nani alimtuma? Hakuna. Hakuwa daktari, hakuwa nesi, hakuwa hata mtu wa kemia. Na kituo cha afya kiko pale pale kando ya ukumbi, hata huchoki kutembea, na wako na vile vijiti vya kupima sukari kwa mkojo. Hakumpeleka. Kijiti ni kitu cha watu wadogo. Yeye alikuwa na sumaku.

Mimi nilisikia nikanyamaza. Nilifikiri labda ni kweli mgonjwa.

Nilikutana na yule mama sokoni Kithimani, siku ya soko, upande wa nyanya. Nilimpita mara ya kwanza bila kumjua. Mtu alikuwa amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu. Mtoto alikuwa mgongoni analia kilio kile kidogo cha kuchoka. Ni yeye aliniita.

"Sista wa pumzi. Unanipita hivyo?"

"Mwaitu, mama yangu, samahani. Umekuwaje?"

"Si nimekuwa mgonjwa wenu." Akacheka kidogo. "Nakula sukuma na maharagwe. Ugali niliwachia wenye miili ya kuchoma. Mama wa bwanangu amefunga unga kwa sanduku, ati asije akaitwa muuaji. Uji hata harufu sipewi."

"Na maziwa ya mtoto?"

Akageuza uso. "Yanakuja ya kulainisha midomo."

Nikamuuliza anajisikiaje, kama anakojoa sana, kama anaona kiu, maswali ya kijitabu. Akasema aiee, hakuna. Ni njaa tu anasikia. Halafu akasema, vile mtu anasema kitu kisicho na uzito:

"Na ile siku hata sikunywa mingi. Nilikuwa nimegawia wale wawili. Walikuwa hawajakunywa chai, ningemeza vipi na wananiangalia? Yule mkubwa alikunywa kama nusu, mdogo akapewa ya chini. Mimi nilionja."

Nilisimama hapo na nyanya mkononi.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani? Mashine si iliona?" Akanitazama kama mimi ndiye mgeni wa hiyo kazi. "Yule kijana wa simu alisema inaona kila kitu. Nikajua imeona nimegawa, imetoa ya watoto, imebaki na yangu, na bado imepata mimi ni mgonjwa. Sasa nitabishana na mashine?"

"Lakini mimi nilikuwa hapo. Ungeniambia mimi."

"Wewe?" Sasa ndiyo alishangaa kabisa. "Wewe si uliniachia nafasi. Uligeuka makusudi ukaanza kupanga vikaratasi, ukaniuliza mambo ya mvua. Nikasema huyu amelelewa. Nilienda nyumbani nikiwaambia kuna msichana mmoja huko ako na adabu."

Sijawahi kusifiwa nikaumia hivyo. Nilimnunulia nyanya zake, akakataa, tukavutana, akachukua mbili. Sikumwambia chochote. Nilisema nitauliza ofisini. Nitauliza, kana kwamba kulikuwa na mtu ofisini anajua kile mimi sikijui.

Supavaisa nilimpata anajipepea na faili. Nikamweleza yote, kikombe, watoto, mimi kuangalia kando. Alisikiliza mpaka mwisho, hiyo nampa.

"Fomu inasema alikunywa yote," akasema.

"Fomu imekosea."

"Fomu haikosei, mtu ndiye hukosea. Na ni nani aliweka tiki?"

"Ni mimi. Na wewe uliweka sahihi na wakati anakunywa ulikuwa juu ya jiwe."

Hapo akaacha kujipepea. Akafungua droo, akatoa barua yangu ya chuo, ilikuwa imepigwa chapa tayari, imebaki sahihi tu. Akaiweka juu ya meza kati yetu, akaisawazisha na vidole viwili.

"Hii inasema wewe ni mwangalifu na mkweli kwa kazi," akasema polepole. "Nitaisaini Ijumaa. Sasa niambie, hiyo neno niiache ama niitoe? Huyo mama tutampima tena mwaka ujao. Hakuna mtu amekufa."

Nikaangalia ile barua. Nikasema sawa. Neno moja tu, sawa, na nikatoka. Nilijidharau mpaka kituo cha magari, nikajidharau mpaka Machakos mjini, na nilipofika kwa dada nilikuwa bado nimebaki na dharau ya kutosha kumgawia yeye pia.

Ndipo nikamweleza, ndipo akasema yale ya masikio na mikono.

"Na ukisema ukweli atakuwa amepona?" akaniuliza, akipepeta makapi. "Labda ni mgonjwa kweli. Unajua?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Hiyo ndiyo maana yake. Walipima mtu aliyeonja wakaandika kikombe kizima. Ukitoa karibu mahindi yote kwa gunia halafu ulaumu kinu kwamba hakisagi, nani mgonjwa hapo?"

"Basi angojee mwaka ujao, kama huyo mtu amesema."

"Mtoto ananyonya mwaka huu."

Akaweka ungo chini. Halafu akasema, bila ukali, na hiyo ndiyo ilinikasirisha zaidi: "Unajua hutapata barua ingine. Nesi utakuwa ukitumia nini?"

Nilikaa kitandani nikalifikiria hilo swali, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Nilitaka kuwa nesi. Nilikuwa nimeshajiona na kofia. Lakini nilijaribu kujiona nimefika wodini kwa barua inayosema mimi ni mwangalifu na mkweli, nimeshika chati ya mgonjwa, mtu ananiuliza amekunywa dawa, na mimi nasema ndiyo. Nilishindwa kuona zaidi ya hapo. Kuna kazi ambazo mtu anaweza kuanza kwa uongo na zikaenda. Dada yangu ako nayo moja. Hii haikuwa hiyo.

Nikachukua daftari nikapanga kesho asubuhi, kwa mpangilio, kwa sababu nikikosea mpangilio najua nitalegea. Nisianzie ofisini. Nikianzia huko atanikalisha, atanituma chupa, atanionyesha barua, jua litapanda. Nitaanzia nyumbani kwa yule mama, kabla mkwe wake hajaenda shamba, kwa sababu aibu ilitangazwa mbele ya mkwe na lazima iondolewe mbele ya mkwe. Sitawaambia mashine imesema ni mzima, hiyo itakuwa uongo mwingine. Nitasema karibu kikombe chote kilinywewa na watoto, mimi nikaandika yote, na hakuna mtu duniani aliyempima bado. Nitaomba sanduku la unga lifunguliwe. Kisha nitamshika mkono twende naye kituo cha afya, akojoe kwa kikopo, tuangalie kijiti sisi wawili. Ndipo niende ukumbini, nitoe ile fomu, nipige tiki yangu mstari mmoja vile tulifundishwa, niandike kando yake "sikuangalia", tarehe, sahihi, na ninakili yote kwa karatasi ya kumtumia daktari mimi mwenyewe, kwa posta, bila kupitia kwa mtu mwenye simu.

Nilimwambia dada yangu aniamshe saa kumi na moja. Alisema hataniamsha. Nikaweka saa yake ya kengele ndani ya sufuria tupu, nikaisogeza karibu na kichwa changu, nikalala na nguo za safari.